Jenerali Mutaguchi Renya: 1942 alikataa kuvamia India, 1943 akaing'ang'ania. Nini kilimbadilisha?

MdadisiWaRamani:

Wakuu, salaam. Naomba kueleweshwa na wanaofuatilia vita vya Burma.

Luteni Jenerali Mutaguchi Renya, kamanda wa Jeshi la 15 la Japani, ndiye aliyevusha divisheni tatu mto Chindwin Machi 1944 kwenda kuteka Imphal na Kohima, miji ya India karibu na mpaka wa Burma, na zilizorudi zilikuwa mabaki tu. Hapo hatubishani. Ninachoshindwa kukiunganisha ni hiki: mwaka 1942, akiwa bado kamanda wa Divisheni ya 18, aliulizwa maoni yake kuhusu mpango wa kuingia Assam, kaskazini-mashariki mwa India, akajibu kwamba haufai, kwa kuwa nchi ile ni milima na msitu usio na njia. Mwaka mmoja baadaye mpiga debe mkuu wa safari ile ile ni yeye.

Majibu mengi ninayokutana nayo ni "alikuwa kichaa" au "alikuwa mbumbumbu". Mbumbumbu hafiki Chuo cha Unadhimu. Naomba mtu anieleze safari ya mtu huyu kazini na hesabu alizokuwa nazo mezani. Na pia: waliokuwa juu yake walikuwa wapi?

MnadhimuMstaafu77:

Mkuu, ukianzia 1942 utapotea. Anzia Februari 1936.

Mutaguchi alizaliwa 1888 mkoani Saga, akamaliza Chuo cha Maofisa 1910 na Chuo cha Unadhimu 1917. Sehemu kubwa ya kazi yake ya mwanzo ilikuwa ya makao makuu. Siyo ofisa aliyekulia kwenye mahandaki, kumbuka hilo. Ndani ya jeshi la Japani kulikuwa na kambi mbili zinazovutana, Kodoha na Toseiha, na yeye alikuwa Kodoha. Maofisa vijana wa mrengo wa Kodoha walipojaribu kupindua serikali tarehe 26 Februari 1936 na kushindwa, kambi nzima ilisafishwa. Wengine walistaafishwa, wengine walipelekwa mbali na Tokyo. Mutaguchi, wakati huo kanali, akapewa rejimenti ya kwanza ya jeshi la ulinzi la Japani huko Beijing.

Hapo ndipo anapokutana na historia. Usiku wa tarehe 7 Julai 1937, kombania moja ya rejimenti yake ilikuwa mazoezini karibu na daraja la Lugou, ambalo Wazungu huliita la Marco Polo. Risasi zikasikika gizani, na askari mmoja akakosekana kwenye hesabu. Alirejea baada ya muda mfupi, lakini habari ya kutoweka kwake ilikuwa imeshafika juu. Kamanda wa batalioni, Ichiki Kiyonao, akampigia simu Mutaguchi kuomba ruhusa ya kujibu mapigo, na Mutaguchi akaitoa alfajiri ya tarehe 8 bila kumsubiri mkuu wake. Mkuu wake alikuwa kamanda wa brigedi, Kawabe Masakazu. Liweke kichwani jina hilo.

Vita na China vikawaka vyote. Mutaguchi akapanda hadi meja jenerali 1938 na luteni jenerali 1940, na Aprili 1941 akakabidhiwa Divisheni ya 18, watu wa Kyushu waliosifika kwa ukali. Kwenye vita vya Malaya hakushiriki tangu mwanzo hadi mwisho. Rejimenti yake moja ilishuka Kota Bharu tarehe 8 Desemba 1941, lakini yeye na sehemu kubwa ya divisheni walifika baadaye, wakashiriki kuvuka mlango wa bahari kuingia Singapore usiku wa tarehe 8 Februari 1942. Alijeruhiwa begani katika mapigano hayo. Wiki moja tu, na ngome iliyosemwa haiangukiki ikaanguka. (Mauaji ya wagonjwa na watumishi wa hospitali ya Alexandra, tarehe 14, yalifanywa na askari wanaohesabiwa kuwa wa divisheni yake. Wanaomsifu kwa Singapore wasiliruke hili.)

Kwa hiyo anapofika Burma mwaka 1942 ana mambo mawili kichwani. Kwanza, ameona Waingereza wakikatwa nyuma na kusalimu amri. Pili, ana deni: alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyeanzisha vita kule Lugou, kwa hiyo ni juu yake kuvimaliza kwa pigo moja kubwa. India ndiyo ilionekana kuwa pigo lenyewe.

Kilichogeuza "haiwezekani" kuwa "lazima" ni Wingate, brigedia wa Uingereza.

MdadisiWaRamani:

Wingate wa Chindit, kile kikosi cha kupenya nyuma ya mistari ya Wajapani? Lakini safari ile ya 1943 wengi huiona kama hasara kwa Waingereza.

MnadhimuMstaafu77:

Kwa hesabu ya watu, ndiyo. Waliingia karibu 3,000 Februari 1943, na takriban theluthi moja hawakurudi. Waliofika nyumbani wengi walikuwa hawafai tena kwa vita. Lakini divisheni iliyokuwa ikiwawinda mojawapo ilikuwa ya Mutaguchi mwenyewe, na yeye akasoma somo lake: kumbe kiangazi kikosi kizima kinaweza kuvuka Chindwin na milima kwa miguu na nyumbu. Basi mto ule si ukuta, na adui atarudi akiwa na nguvu zaidi. Dawa ni kusogeza mstari wa ulinzi mbele mpaka kwenye milima ya Manipur, na Imphal, kituo ambacho shambulio la Waingereza lingeanzia, ichukuliwe kabla haijajaa. Hadi hapo hoja yake si ya kichaa. Ofisa yeyote angeiheshimu.

Kosa ni kwamba aliona miguu ya Chindit na hakuona tumbo lao. Wale watu walikuwa wanaangushiwa chakula na risasi kwa ndege. Ndege ziliposhindwa kuwapata walikula nyumbu wao. Mutaguchi alichukua nusu ya somo, ile ya kutembea, na nusu ya kula akaiacha porini.

Machi 1943 akapandishwa kuwa kamanda wa Jeshi la 15. Mnadhimu wake mkuu, Obata, alikuwa mtu wa ugavi na alipinga mpango waziwazi. Hakukaa miezi mingi, akaondolewa na kuletwa Kunomura, mtu wa ndiyo-mzee. Na juu yao, kwenye kiti cha Jeshi la Eneo la Burma, akakalishwa nani? Kawabe yule yule wa Beijing. Idhini ya Tokyo ilitoka Januari 1944.

Fundi_wa_Ugavi:

Naomba niingilie kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu hupita haraka.

Chukua Divisheni ya 31 ya Sato Kotoku, iliyokwenda Kohima. Weka watu 15,000 kwa makadirio ya chini. Posho kamili ya askari wa Kijapani ilikuwa mchele wa go sita kwa siku, karibu gramu 850, kibaba na ushee. Zidisha: tani 12 na robo tatu kwa siku, mchele mtupu, bila chumvi, bila dawa, bila risasi. Kwa siku 20 hiyo ni tani 255. Mpango mzima wa Mutaguchi ulisimama kwenye muda huo: askari aondoke na chakula cha wiki tatu hivi, Imphal iwe imeanguka kabla ya tarehe 29 Aprili, siku ya kuzaliwa Mfalme Hirohito, na baada ya hapo wajilishe kwenye maghala ya Waingereza.

Sasa mgawie askari. Kilo 17 za mchele mgongoni, ongeza bunduki ya kilo 4, risasi, magurunede, sepetu, blanketi. Mtu mwenyewe ana kilo hamsini na kitu. Kisha mwambie apande na kushuka migongo ya milima ya mita 2,000 kwa zaidi ya kilomita 150.

Mizinga je? Mzinga wa milimani wa milimita 75, aina ya 94, una uzito wa kilo 536. Unafunguliwa vipande 11 na kubebwa na farasi sita. Farasi wakifa unahitaji watu 18 wa kuubeba. Kombora moja lina kilo sita na zaidi, yaani wali wa askari mmoja kwa wiki nzima. Ndiyo maana Sato alifika Kohima na mizinga michache na makombora ya kuhesabu. Mizinga mizito na vifaru viliwekwa upande wa kusini, vingi kwenye safu ya Yamamoto iliyopita barabara ya Tamu kwenda Palel, kwa sababu kwingine havipiti.

Halafu kuna ng'ombe. Mutaguchi alikumbuka Genghis Khan akitembea na mifugo yake, akaona hii ndiyo tiba: ng'ombe abebe mzigo, mzigo ukiisha aliwe. Maelfu kwa maelfu wakachukuliwa kwa wakulima wa Burma. Mfugaji yeyote angemwambia yatakayotokea. Hawa ni ng'ombe wa jembe na mkokoteni, hawajawahi kufungwa mzigo mgongoni, na mgongo wa ng'ombe si wa nyumbu, mzigo unalegea na kuteleza. Ng'ombe lazima alishe na acheue, ukimnyima muda huo anadhoofika ndani ya siku chache. Hana haraka, na askari ana tarehe ya kufika. Wengi walichukuliwa na maji usiku wa kuvuka Chindwin, wengine walianguka makorongoni na mchele wakiwa nao, na waliobaki walionekana vizuri sana kutoka angani. Katika wiki za kwanza "ghala linalotembea" lilikuwa limekwisha.

Ongezea kwamba Divisheni ya 15 ya Yamauchi haikuondoka ikiwa kamili. Ilishikiliwa Thailand ikijenga barabara, na sehemu ya vikosi vyake haikuwahi mwanzo wa safari.

Mpinzani_Rasmi:

Nawaheshimu wakuu, lakini tusimhukumu mtu kwa matokeo tu. Kohima ilikuwa na wapiganaji kama 1,500 hivi wakati Sato anafika na divisheni nzima mwanzoni mwa Aprili. Slim, kamanda wa Jeshi la 14 la Uingereza, alikiri mwenyewe baadaye kwamba hakutegemea divisheni nzima ipite njia ile, alitegemea rejimenti. Na Dimapur ilikuwa kilomita 74 tu mbele: reli, maghala ya urefu wa kilomita kama 17, walinzi wachache. Mutaguchi alitaka Sato ashuke Dimapur. Aliyezuia ni Kawabe. Sato angeacha rejimenti moja ikiibana Kohima na kushuka na zilizobaki, mchele wenu wote wa kwenye karatasi ungepatikana Dimapur.

MnadhimuMstaafu77:

Hoja nzito, na Slim kweli alishukuru kwamba Sato aliganda Kohima. Lakini tazama tarehe.

Kundi la Miyazaki, ncha ya mkuki wa Sato, lilipoteza siku tano Sangshak, kuanzia tarehe 22 hadi 26 Machi, likipigana na brigedi ya 50 ya askari wa miamvuli wa India. Sangshak haikuwa hata kwenye eneo lao, ilikuwa ya Divisheni ya 15. Rejimenti ya 58 ilitoka pale ikiwa imepoteza makamanda wengi wa kombania. Zaidi ya hayo, Waingereza waliokota kwa ofisa aliyeuawa ramani inayoonyesha mpango wa divisheni. Tangu tarehe 19 Machi Divisheni ya 5 ya India ilikuwa inarushwa kwa ndege kutoka Arakan, pwani ya magharibi ya Burma, na mizinga na nyumbu wake. Hilo halikuwamo kabisa katika hesabu za Mutaguchi: divisheni kuondolewa kwenye mapigano upande mmoja na kutua upande mwingine ndani ya siku chache. Sehemu yake ilitua Dimapur, na Divisheni ya 2 ya Uingereza nayo ilikuwa njiani kwa reli. Sato angeshuka bondeni, kwenye nchi tambarare ya vifaru, na mizinga ile michache. Angeweza kuyafikia maghala, nakubali. Kuyashika ni habari nyingine.

Na wasisahau kwamba onyo lilitolewa mapema. Februari 1944, Arakan, Wajapani walizunguka kambi ya ugavi ya Divisheni ya 7 ya India wakitegemea iwe kama Malaya: kata barabara, subiri wakimbie. Hawakukimbia. Waliangushiwa kila kitu kwa ndege, na wazungukaji ndio waliokwisha chakula. Ilikuwa mwezi mmoja kabla ya Mutaguchi kuvuka.

Fundi_wa_Ugavi:

Naongezea upande wa pili wa mizani. Uwanda wa Imphal ulikuwa na viwanja sita vya ndege, viwili kati yake vya kutumika hata masika: Imphal wenyewe na Palel. Barabara ilikatwa kuanzia mwisho wa Machi hadi tarehe 22 Juni. Katika muda huo ziliingizwa kwa ndege karibu tani 19,000 za vifaa na askari zaidi ya 12,000, wakatolewa majeruhi kama 13,000 na wasio wapiganaji kama 43,000, yaani midomo isiyokuwa na bunduki. Kukata barabara hakukuwa na maana bila kukata viwanja.

Wajapani walikaribia. Kilima cha Nungshigum kinatazama uwanja wa Kangla, na batalioni ya Divisheni ya 15 ilikishika. Tarehe 13 Aprili vifaru vya Lee-Grant vikakipanda. Mteremko ule Wajapani waliamini kifaru hakiwezi, na walikuwa wameacha nyuma silaha nyingi za kupigia vifaru kwa sababu ya uzito. Hesabu ya mgongoni ile ile imerudi.

MdadisiWaRamani:

Asanteni sana. Sasa limebaki la wakubwa. Makamanda wa divisheni hawakusema kitu? Na Kawabe?

MnadhimuMstaafu77:

Walisema, na ndiyo ajabu ya jeshi hili. Yanagida wa Divisheni ya 33 aliandika mwishoni mwa Machi kwamba Imphal haitaanguka ndani ya wiki tatu na safari isimamishwe. Akaondolewa Mei. Yamauchi, mgonjwa, akaondolewa Juni, akafia hospitali Agosti. Sato alilalamika wiki baada ya wiki kwamba hajapokea mchele wala risasi, na kuanzia tarehe 31 Mei akaiondoa divisheni yake Kohima kinyume cha amri. Kamanda wa divisheni wa Japani kujiondoa kwa hiari yake halikuwa jambo la kawaida. Julai naye akavuliwa. Makamanda watatu kati ya watatu, katika operesheni moja.

Mutaguchi mwenyewe alikaa Maymyo, mji wa milimani wenye hewa nzuri na nyumba ya starehe ya maofisa, mamia ya kilomita kutoka mstari wa mbele, hadi karibu mwisho wa Aprili. Amri zake zilikuwa zinakwenda kwa watu ambao hali yao hakuiona.

Tarehe 6 Juni Kawabe alimfuata Indainggyi. Wote wawili walijua mambo yamekwisha. Mutaguchi alieleza baadaye kwamba neno la kusimamisha lilikuwa kooni, halikutoka, na alitumaini Kawabe atalisoma usoni mwake. Kawabe naye hakulitaja, kwa kuwa hakuulizwa. Wakaagana. Amri ya kusimamisha ilitoka mwanzoni mwa Julai, karibu mwezi mzima wa masika baadaye. Katika muda huo na wakati wa kurudi, waliouawa na kuhara damu, malaria, beriberi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Kwa jumla karibu watu 30,000 walikufa. Askari wenyewe waliiita njia ya kurudi Barabara ya Mifupa.

Keya_wa_Kabaw:

Niweke kipande cha kwetu, maana mabaki hayo yalifuatwa na watu wa Afrika Mashariki.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki chini ya Meja Jenerali Fowkes, batalioni za KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland pamoja na za Rhodesia ya Kaskazini, ilichukua kazi ya kufukuza kutoka Tamu mwezi Agosti 1944. Tamu ni mji mdogo mpakani mwa Burma, na jina lake kwa sikio la Mswahili ni kejeli tupu: ulikutwa umejaa maiti za Wajapani ambazo hazikuzikwa, mamia, na wengine waliokuwa bado wanahema. Kutoka hapo brigedi ya 25 ikaelekea Sittaung kwenye Chindwin, ya 26 ikashuka bonde la Kabaw kuelekea Kalemyo, na kukutana na Divisheni ya 5 ya India katikati ya Novemba. Kalewa ilishikwa tarehe 2 Desemba, na daraja la Bailey, la vipande vya chuma vya kuunganishwa, la mita 352 likawekwa juu ya Chindwin siku chache baadaye, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo.

Linalohusu uzi huu ni hili. Bonde ni lile lile, masika yale yale, tope lile lile linalomeza nyumbu hadi tumboni, na mbu wale wale. Tofauti ni vidonge vya mepakrini, dawa ya malaria, kila siku kwa amri, na posho inayodondoka kwa miamvuli. Adui waliyepambana naye njiani, walinzi wa nyuma wa Divisheni ya 33, hakuwa mnyonge vitani. Kwenye mahandaki alikuwa hatari hadi mwisho. Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa miongoni mwa askari wa KAR waliopigana Burma.

Mutaguchi hakukutana nao kwa muda mrefu. Aliondolewa tarehe 30 Agosti, nafasi yake akapewa Katamura.

Mpinzani_Rasmi:

Na kwa nini jeshi lake halikumshtaki? Sato aliomba mwenyewe mahakama ya kijeshi.

MnadhimuMstaafu77:

Ndiyo sababu hakupewa. Kamanda wa divisheni aliteuliwa na Mfalme mwenyewe, kwa hiyo kesi ya Sato ingehitaji idhini ya Mfalme, na Sato angesimama kizimbani na telegramu zake zote za kuomba mchele. Madaktari wakapelekwa kumpima, ikaandikwa kwamba akili yake ilichoka, na faili likafungwa. Kumshtaki Mutaguchi kungemfikia Kawabe, na kupitia Kawabe kungefika Tokyo kwa waliotia sahihi.

Mutaguchi alirudishwa makao makuu, akastaafishwa Desemba 1944, na mwezi uliofuata akaitwa tena kuongoza shule ya maandalizi ya maofisa. Baada ya vita Waingereza walimshika wakampeleka Singapore kwa makosa ya kivita, akaachiwa 1948. Akaishi kimya Tokyo. Kisha 1962 ofisa mstaafu wa Uingereza, Barker, akamwandikia barua yenye kusema kwamba mpango ule ulikaribia kufanikiwa, na hoja kuu ilikuwa hiyo hiyo ya Dimapur unayoitetea wewe, mkuu. Kuanzia hapo hakunyamaza tena. Alijitetea kwa maandishi na kwa mahojiano yaliyorekodiwa kwenye maktaba ya Bunge. Alipofariki tarehe 2 Agosti 1966, waliokuja kumzika waligawiwa kijitabu cha utetezi wake.